Dawa za mimea za kupunguza unene, na ini letu

Kila tunapofundisha matumizi ya mimea dawa huwa hatukosi swali hili: "Je, kuna majani ya kuondoa kitambi?" Ni swali la haki, kwa maana unene uliozidi huchangia kisukari na shinikizo la damu, na wengi wamechoka kuambiwa wapunguze chakula. Lakini kabla ya kutaja jani lolote, tunapenda kuzungumzia ini.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Sehemu kubwa ya tunachokula na kunywa, kikishafyonzwa na utumbo, hupita kwanza kwenye ini ndipo kisambae mwilini. Hapo ndipo dawa nyingi huvunjwavunjwa ili zitoke. Kazi hiyo njema ndiyo inayoweza kuliponza.

Huko Ufaransa upo mmea mdogo uitwao Teucrium chamaedrys. Kwa karne nyingi watu waliutumia kama dawa ya kienyeji, na ulihesabiwa kuwa hauna madhara. Katika miaka ya 1980 ukaanza kuuzwa kwa ajili ya kupunguza unene, kama chai na kama unga uliotiwa katika kapsuli. Ndipo madaktari wakaanza kupokea watu wenye macho ya njano. Mwaka 1992 walieleza habari za wagonjwa saba. Ini liliugua kati ya wiki 3 na wiki 18 tangu waanze dawa. Walipoiacha walipona, ingawa wengine iliwachukua hadi miezi 6. Watatu waliitumia tena, na ugonjwa ukarudi upesi. Mwaka huohuo mmea huo ukapigwa marufuku nchini humo.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba baadhi ya kemikali za mmea huo hugeuzwa kuwa sumu na ini lenyewe, katika ile kazi yake ya kuzivunjavunja. Walioudhurika walikuwa wachache kati ya wengi walioutumia. Kwa hiyo ukisikia jirani ametumia miezi mitatu na yuko mzima, huo si ushahidi kwamba ini lako nalo litastahimili.

Kiasi nacho ni jambo kubwa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa chai ya kijani inayonywewa kwa kawaida kwa jumla ni salama. Lakini vidonge vya chai hiyo hiyo, vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi kwa siku za kemikali iitwayo EGCG, vilihusishwa na dalili za awali za kudhurika kwa ini. Jani ni lile lile!

Sisi tunaamini mimea ni zawadi ya Mungu, na tunaendelea kuipanda. Hata hivyo unga uliochanganywa usiojulikana una nini ndani hatuushauri kabisa, hata kama pakiti imeandikwa "asili". Aliyewahi kuugua ini, anayekunywa pombe sana, mjamzito, au aliye katika dawa za kifua kikuu (ambazo zenyewe zinaweza kulidhuru ini) asitumie dawa hizi.

Dalili za hatari ni uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia, mwili kuwasha, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na macho kuwa ya njano. Kukosa hamu ya kula pia ni dalili, nayo hudanganya sana, kwani anayetaka kupungua hufurahi akidhani dawa imeanza kufanya kazi.

Ukiona dalili hizi acha dawa siku hiyo hiyo, uende kituo cha afya ukapimwe damu. Chukua pakiti yenyewe au tawi la mmea umwonyeshe mganga, na umweleze ulitumia kiasi gani na kwa muda gani. Ukipona, usiionje tena ili kuhakikisha kama kweli ilikuwa ni yenyewe.