Kompyuta ya Kikundi Imejaa: Tuhamishe Nini, Tubakishe Nini?



Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta, iwe ni yao wenyewe au ya kutumia pamoja na wengine katika ofisi ya parokia. Ndani yake mnaweka daftari la mikopo, kumbukumbu za mikutano, orodha ya wanachama, picha za semina na video za sherehe. Halafu siku moja mashini inaanza kwenda polepole, na kwenye skrini yanatokea maneno kwamba nafasi imekwisha. Hapo mtu husema, "Tununue diski ya nje, tuhamishie kila kitu huko." Wazo hilo ni zuri. Lakini likifanywa kwa haraka laweza kukiacha kikundi bila daftari. Twasema hivi kwa sababu sisi wenyewe yalitupata.

YALIYOTUPATA

Kompyuta ya ofisi yetu ilipojaa, tulihamisha faili zote za vikundi kwenye diski moja ya nje, tukazifuta kwenye mashini. Tulifurahi sana kuona nafasi imerudi. Baada ya wiki chache mtu alijikwaa kwenye waya, diski ikaanguka kutoka mezani mpaka kwenye sakafu ya simiti huku ikifanya kazi. Tulipoichomeka tena ilitoa sauti ya tik-tik tu. Fundi alijaribu, akashindwa.

Tuliwaita wanachama mmoja mmoja walete vitabu vyao vya akiba, tukaandika yote upya. Mama mmoja alikuwa amemaliza kulipa mkopo wake, lakini kitabu chake kilikuwa kimenyeshewa na kurasa za mwisho hazikusomeka. Ilibidi wenzake wasimame mkutanoni wamshuhudie. Walimshuhudia, na jambo likaisha kwa amani. Lakini je, kama wasingekumbuka? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulikuwa tumechanganya mambo mawili. Kuhamisha huleta nafasi. Kuhifadhi ni kuwa na nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja. Diski moja yenye nakala moja ni nafasi tu, si usalama.

NI NINI KINACHOJAZA KOMPYUTA?

Kompyuta hupima faili kwa KB, MB na GB. MB 1 ni kama KB 1,000, na GB 1 ni kama MB 1,000. Sasa linganisheni:

- Kumbukumbu za mkutano, kurasa mbili: mara nyingi chini ya KB 100.
- Picha moja ya simu: kama MB 2 hadi 5.
- Video ya simu ya dakika moja: yaweza kuwa MB 60 hadi 130, au zaidi.

Kwa hivyo video ya dakika kumi hukaribia GB 1. Nafasi hiyo hiyo ingetosha kumbukumbu za mikutano 10,000! Waliofanya kazi ya ofisi miaka ya 1990 wanakumbuka disketi za MB 1.44. Picha moja tu ya leo isingeingia humo, lakini barua nyingi ziliingia.

Ni kama ghala lililojaa mabua, na mbegu ya kupanda imo ndani ya kibuyu kimoja. Ukitaka nafasi, huondoi kibuyu. Basi shikeni kanuni hii: vitu vizito vihamishwe, vitu vya thamani vikopiwe, na pia vibaki kwenye kompyuta. Daftari la mikopo halina uzito wowote. Hakuna sababu ya kuliondoa.

KUIJUA DISKI

Diski nyingi za nje za bei nafuu zina bati ndani linalozunguka kwa kasi, nyingi mara 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya bati bila kuligusa. Ikianguka wakati inazunguka, kichwa hukwaruza bati na habari hupotea. Kwa hivyo iwekeni katikati ya meza, waya usipite njiani, na msiisogeze ikiwa inafanya kazi.

Ziko pia diski za SSD. Hizo hazina kitu kinachozunguka, zinavumilia zaidi kuanguka, ila bei yake iko juu. Flashi nayo ni nzuri kwa kubebea faili, lakini hupotea upesi mfukoni. Msiifanye kuwa ghala la pekee.

Msishangae mkinunua diski ya TB 1, yaani GB 1,000, na kompyuta ya Windows ionyeshe GB 931. Hamjaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, na Windows inahesabu kwa 1,024.

HATUA ZA KUFUATA

1. Safisheni kwanza. Angalieni folda ya Downloads na pipa la taka la kompyuta. Mtakuta faili zilizorudiwa mara tatu na video ambazo hakuna anayezihitaji. Huenda nafasi ikapatikana kabla hata ya kuhamisha.

2. Tafuteni folda nzito. Bonyezeni folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha neno "Properties". Mtaona ukubwa wake.

3. Tengenezeni folda kwenye diski, yenye jina linaloeleweka pamoja na mwaka, kama "Picha za Semina 2023". Jina kama "Vitu vipya" litawachosha baadaye.

4. Kopini, msikate. Chagueni faili, bonyezeni Ctrl na C, nendeni kwenye folda ya diski, bonyezeni Ctrl na V. Msitumie Ctrl na X. Hiyo huondoa faili upande mmoja inapozipeleka upande wa pili. Stima ikipotea katikati au waya ukichomoka, mtabaki na nusu huku na nusu kule, na kujua kipi kiko wapi ni taabu.

5. Hakikisheni. Fungueni "Properties" za folda zote mbili, ya kompyuta na ya diski. Idadi ya faili na ukubwa unaoandikwa "Size" vinapaswa kulingana. Mstari wa "Size on disk" waweza kutofautiana, huo msiujali. Kisha fungueni faili chache kutoka kwenye diski, za mwanzo, za katikati na za mwisho, mwone kama zinafunguka.

6. Sasa futeni vile vizito kwenye kompyuta. Kumbukeni kwamba kilichofutwa kwanza huingia katika pipa la taka, na bado kinakula nafasi. Mwageni pipa.

7. Iageni diski kabla ya kuichomoa. Bonyezeni alama yake karibu na saa kwenye skrini, chagueni "Eject", mngoje ruhusa. Wakati mwingine kompyuta huonyesha imemaliza, kumbe bado inaandika.

MAMBO YA KUKWEPA

Msihamishe folda iitwayo Windows wala Program Files. Humo mna programu zenyewe, na mkiziondoa kompyuta yaweza kukataa kuwaka. Hamisheni kazi zenu tu: picha, video, barua.

Flashi ikikataa video kubwa ingawa ina nafasi, huenda imepangwa kwa mtindo uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4. Mtindo wa exFAT unapokea. Lakini kubadilisha mtindo hufuta kila kitu kilichomo, kwa hivyo toeni faili kwanza. Na siku ambayo mtachomeka diski yenye kazi zenu halafu kompyuta iulize kama mnataka ku-"Format", jibuni hapana, mpelekeeni fundi.

Diski iliyopita kwenye kompyuta nyingi za mjini huweza kubeba virusi. Ipimeni kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufungua kitu.

NAKALA MBILI, NYUMBA MBILI

Daftari la mikopo, kumbukumbu za mikutano na orodha ya wanachama ziwe kwenye kompyuta, na pia kwenye diski. Diski ikae nyumba nyingine, kwa mfano kwa mweka hazina, ndani ya kabati lenye kufuli. Kompyuta na diski zikiwa katika mkoba mmoja, mwizi mmoja au moto mmoja unamaliza zote. Pangeni siku maalum ya kukopi upya, kama siku ya mkutano wa kila mwezi, na mwandike katika kumbukumbu nani alikopi.

Orodha ya wanachama ina namba za vitambulisho na za simu. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria, hiyo ni siri mliyokabidhiwa na wenzenu. Diski isiazimwe kwa mtu wa kuwekea sinema.

Kile kitabu cha karatasi kiendelee. Stima haiwezi kukizima. Siku ile ya mama yetu, ni vitabu vya karatasi na midomo ya majirani vilivyotuokoa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kompyuta yetu ikiibiwa usiku wa leo, tutathibitishaje nani anadaiwa nini?
2. Nakala yetu ya mwisho ilikopiwa lini, na iko wapi?
3. Ni watu wangapi kati yetu wanaojua kufanya hatua hizi? Ikiwa ni mmoja, nani atafundishwa naye mwezi huu?