Mstari wa Kabila katika Fomu ya Shule

Mwezi wa Januari, shule zinapofungua milango yake, maduka ya steshenari ya Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Manzese hujaa wazazi waliokuja kutoa nakala za vyeti vya kuzaliwa na kujaza fomu za kujiunga. Na katika baadhi ya fomu hizo, hasa za shule za watu binafsi, hutokea mstari mfupi ulioandikwa "Kabila", ambao wengi huupita kwa wepesi na wengine huwasimamisha kalamu ikiwa mkononi. Anayesimama aghalabu ni mzazi ambaye yeye ni wa kabila moja na mwenziwe ni wa jingine, na pengine kila mmoja wao naye alizaliwa na wazazi wa makabila mawili, hata akiambiwa amtaje mtoto wake kwa neno moja huona kwamba kila neno alijualo litamwacha nje mtu ambaye mtoto humwita bibi au babu. Makala haya yamekusudiwa kwa mzazi huyo.

Katika jiji la Dar es Salaam, ambalo sensa ya mwaka 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni 5.3, ndoa za namna hii si jambo geni. Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, waliishi na Wanyamwezi na Wamanyema waliofika kwa misafara ya karne ya 19 wasirudi makwao. Wandengereko na Wamatumbi walikuja kutoka Rufiji na Kilwa. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wangoni walifuata barabara ya kusini, wengi wakashika makazi Mbagala na Mtoni. Kisha wakaja Wachaga, Wapare, Wahaya, Wasukuma na Wanyakyusa, waliovutwa na bandari, viwanda vya Chang'ombe, biashara na ofisi za serikali. Katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja, kila chumba na mpangaji wake, watoto hukua pamoja wakisema Kiswahili, huugua surua pamoja, na baadhi yao mwishowe huoana. Mjukuu azaliwaye Temeke leo aweza kuwa na mababu na mabibi wanne wa makabila manne, na katika lugha zao zote nne asijue ila maamkizi na majina ya vyakula.

Watu wengi hudhani kwamba jibu ni jepesi kwa kuwa mtoto ni wa baba. Kauli hiyo ni kweli kwa baadhi ya makabila, wala si kweli kwa yote. Wachaga, Wahaya na Wakurya huhesabu nasaba kwa upande wa baba, na Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila ya namna hiyo, lilifuata njia hiyo hiyo. Lakini Waluguru, Wamakonde, Wayao na Wamwera wamezoea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba katika mila zao alikuwa na sauti juu ya mtoto ambayo baba mzazi hakuwa nayo. Mluguru hupata ukoo wake kwa mama, na kwa baba hupata mtala, yaani jina linalomfunga na jamaa za baba yake, hata mtu wa kabila moja tu huwa tayari amebeba nasaba mbili.

Tumfikirie basi Mluguru wa Matombo aliyeoa Mchaga wa Machame, wakapanga Kigogo, wakazaa binti. Kwa mila ya mke, mtoto ni wa mume; kwa mila ya mume, mtoto ni wa mke; kila upande, kwa adabu na kwa kufuata sheria yake yenyewe, humpeleka binti kwa mwenziwe, naye akasalia kizingitini. Ikigeuzwa ndoa hiyo, mume akawa Mchaga na mke Mluguru, mtoto atadaiwa na pande zote mbili kwa haki iliyo timilifu. Hakuna karani wa shule awezaye kuihukumu kesi kama hiyo, wala hakuajiriwa aihukumu. Na mzazi asione fadhaa kwamba yeye mwenyewe ameshindwa kuikata katika duka la steshenari ilhali watu nyuma yake wanamhimiza.

Tena jambo moja huwa limekwisha kuamuliwa kabla ya kufika mstari huo, nalo ni jina. Desturi yetu ya majina matatu, la mtoto, la baba na la babu, huonyesha mwanamume baada ya mwanamume, na mama haonekani kabisa. Cheti cha kuzaliwa kitolewacho na wakala wa usajili, RITA, humtaja mama, lakini orodha ya darasani haimtaji. Kwa sababu hiyo naona kwamba penye fomu inayouliza kabila, maadamu imekwisha kuuliza, upande wa mama unastahili kuandikwa hapo kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa upande wa baba umekwisha kusemwa mara mbili juu ya ukurasa.

Hata hivyo, kabla ya kuandika lolote, mzazi ana haki ya kuuliza habari hiyo yatakiwa kwa kazi gani. Swali la dini lina kazi yake iliyo dhahiri, kwani shule hupanga vipindi vya mafundisho ya dini kwa kulifuata. Swali la lugha isemwayo nyumbani laweza kumsaidia mwalimu wa darasa la kwanza. Lakini kazi ya swali la kabila mara nyingi haijulikani hata kwa aliyelichapisha. Mstari huo umerithiwa kutoka ofisi za zamani, kama unavyoonekana katika kumbukumbu nyingi za mahakama, ambamo shahidi aliandikwa jina, umri, kabila na dini kabla hajasema alichokiona.

Wasiwasi wa wazee juu ya swali hili una asili yake. Chini ya utawala wa Waingereza watoto wa Tanganyika walisomeshwa kwa rangi: Wazungu na shule zao, Wahindi na zao, Waafrika na zao, na fedha za serikali kwa kila mtoto hazikuwa sawa hata kidogo. Mtoto wa baba Mhindi au Mwarabu na mama Mzaramo, ambaye watu walimwita chotara bila kujali kama jina hilo lamchoma, hakuwa na mlango ulio wake. Elimu aliyoipata ilitegemea mzazi yupi atakubaliwa kuwa ndiye asili yake. Mpango huo ulikomeshwa na sheria ya elimu ya mwaka 1961, iliyounganisha shule zote kuanzia tarehe 1 Januari 1962. Na miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 1961, katika mjadala wa uraia, Julius Nyerere alikuwa amesimama Bungeni kuwapinga wale waliotaka uraia wa nchi mpya upimwe kwa rangi ya mtu.

Majirani zetu waliona mabaya zaidi. Rwanda, katika miaka ya 1930, Wabelgiji walitoa vitambulisho vilivyomwandika kila mtu Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto wa wazazi wawili tofauti akaandikwa kwa baba peke yake. Baada ya mwaka 1973 nafasi za shule ziligawanywa kwa kufuata asili na mkoa. Na katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 kadi hizo hizo ndizo zilizosomwa vizuizini, mwenye neno moja akapita na mwenye neno jingine akauawa. Zanzibar nako, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ulikuwapo wakati ambapo nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mafungu ya asili, katika visiwa ambavyo huenda hapana nyumba isiyokuwa na damu mbili au tatu.

Serikali ya Tanzania ilichagua njia nyingine, nami naiona kuwa njema. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza watu makabila yao. Zote zilizofuata zimeliacha swali hilo. Nafasi za sekondari za Bara zilipokuwa chache mno, katika miaka ya 1970 na 1980, ziligawanywa kwa mikoa, hata mtoto wa Mhaya na Mmakonde aliyesoma Temeke akahesabiwa mtoto wa Dar es Salaam pasipo kuulizwa zaidi. Msahihishaji wa mtihani wa taifa huona namba ya mtahiniwa, haoni jina. Katiba, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi wa kabila na wa pahala mtu alipotoka, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa kwa asili yake, na papo hapo inampa haki ya kuwajua wazazi wake na jamaa zake. Haki hizi mbili zinakwenda pamoja: ofisi isimpime mtoto kwa nasaba yake, na nyumbani asinyimwe kuijua.

Kenya swali hili huulizwa waziwazi, nalo lina sababu yake, kwani sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa taifa inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka kabila moja, na theluthi haihesabiki bila kuuliza. Wamakonde wa huko, ambao wazee wao walitoka Msumbiji, walikaa miaka mingi bila vitambulisho mpaka walipotambuliwa rasmi mwaka 2017. Kwao kuandikwa kabila kulikuwa mlango wa uraia.

Basi mzazi wa Kinondoni aandike nini? Nafasi ikiwapo, aandike yote mawili, la baba na la mama, na hapana kanuni ya lugha wala ya heshima inayodai lipi litangulie. Nafasi ikiwa ya neno moja tu, yamfaa kuandika "Mtanzania" au kuacha wazi kuliko kumfuta mmoja wa wazee. Na mwalimu mkuu akisisitiza, mzazi amwombe kwa taadhima aeleze neno hilo litakwenda wapi. Jambo ninaloliona baya, na nalisema kwa uchungu kwa kuwa nimelisikia likipendekezwa na watu wema, ni kuchagua kabila kwa kutazama nani ana shule: leo mtoto ni wa upande wa mama kwa sababu wenye shule ni jamaa za mama, kesho ni wa upande wa baba kwa sababu mfadhili ni wa huko. Mtoto anasoma fomu hizo. Anajifunza kwamba bibi yake mmoja ni wa kutajwa kwa manufaa na mwingine ni wa kufichwa.

Kwa vijana waombao vyuo vya ng'ambo mambo huwa na sura nyingine. Marekani, kanuni za serikali za mwaka 1997 zilimruhusu mtu kuweka alama katika visanduku zaidi ya kimoja, na sensa ya mwaka 2000 ndiyo ya kwanza ya taifa hilo kufuata desturi hiyo. Kwa hiyo kijana wa baba Mzaramo na mama Mhindi aweza kutia alama ya mtu mweusi na ya Mwasia pamoja, bila kosa. Mwenye damu ya Kiarabu alihesabiwa Mzungu katika takwimu zao chini ya kanuni hizo; Machi 2024 zikatolewa kanuni mpya zenye fungu la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataza vyuo kumpa mwombaji nafasi kwa sababu ya asili yake, ikaacha ruhusa ya mwombaji kueleza katika insha jinsi asili hiyo ilivyogusa maisha yake. Na jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui ni kwamba mwanafunzi ajaye kwa viza, asiye raia wala mkazi wa kudumu, huwekwa katika takwimu za vyuo vya huko katika fungu moja la wageni, asili yake yoyote iwayo. Kwa hiyo kisanduku kinachomnyima usingizi hakimwingizi katika hesabu ya asili. Insha ndiyo inayosomwa, na humo anayo nafasi ya kueleza habari za Matombo na Machame kwa urefu autakao.

Kijana wa umri huo hujaza fomu mwenyewe, na mzazi asishangae akiona jibu lililo tofauti na lile aliloandika yeye miaka kumi na miwili iliyopita. Aliyeandikwa Mluguru akiwa na umri wa miaka sita aweza kujiandika Mchaga baada ya likizo ndefu kwa bibi mzaa mama, kisha akiwa na miaka thelathini akaandika yote mawili. Naye katika nyakati zote hizo amesema kweli, mradi tu pale nyumbani wazee wa pande zote mbili walimtajia majina ya waliowazaa, mahali walipozikwa, na sababu iliyowaleta Dar es Salaam.