Stadi za Usimamizi wa Maarifa na Kumbukumbu katika Utawala wa Umma: Mfano wa Kumbukumbu za Ardhi kutoka Rumonge hadi Kabonga

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya utawala, usimamizi wa maarifa huelezwa mara nyingi kana kwamba ni suala la kompyuta na programu. Makala haya yanatetea mtazamo tofauti: msingi wake ni stadi za watu, na miongoni mwa stadi hizo lugha haijapewa uzito inaostahili. Hoja hii inafafanuliwa kwa kumbukumbu za ardhi za mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kutoka mji wa Rumonge hadi Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania.

2.0 Muktadha

Mauaji ya mwaka 1972 yaliwalazimu wakazi wengi wa mwambao huu kukimbilia Tanzania, ambako wengi waliishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mashamba waliyoyaacha, mengi yakiwa ya michikichi, yalitwaliwa na watu wengine au yaliingizwa katika miradi ya serikali. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulitambua haki ya wakimbizi kurejeshewa mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ijulikanayo kwa kifupisho cha Kifaransa CNTB. Kisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2011 ikaweka msingi wa huduma za ardhi za tarafa, zenye mamlaka ya kutoa vyeti.

Kwa hiyo shamba moja linaweza kuwa na kumbukumbu za aina nne: ushahidi wa wazee kwa Kirundi, barua ya tarafa kwa Kifaransa, uamuzi wa tume, na hati za ukimbizi zilizoandikwa Tanzania kwa Kiingereza au Kiswahili. Kila moja imehifadhiwa mahali pake, na hakuna inayotosha peke yake.

Mageuzi ya kiutawala yameongeza uzito wa jambo hili. Baada ya uchaguzi wa 2025, mikoa ya Burundi imepunguzwa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Sehemu kubwa ya mkoa wa Rumonge, ulioundwa mwaka 2015, pamoja na ule wa Makamba uliokuwa na Kabonga ndani yake, sasa imo katika mkoa wa Burunga. Ofisi zinapounganishwa, majalada huhama. Na jalada linalohama bila orodha ni sawa na jalada lililopotea, hata kama karatasi zake zote zipo.

3.0 Stadi zinazohitajika

Stadi ya kwanza ni utunzaji wa kumbukumbu kama ushahidi. Kiwango cha kimataifa ISO 15489, kilichotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2016, kinadai kumbukumbu iwe na sifa nne: uhalisi, kuaminika, ukamilifu na kutumika. Uamuzi wa ardhi usioonyesha nani aliutoa, lini, na kwa ushahidi gani, unapungukiwa na sifa hizo.

Ya pili ni utambuzi wa majina. Kwa desturi ya Burundi, baba, mama na watoto hawashiriki lazima jina moja la ukoo. Aidha, jina lililoandikwa na karani wa Tanzania huenda likabadilishwa tahajia, hasa katika sauti r na l. Karani asiyelijua hili atawafanya watu wawili wa mtu mmoja, au atamnyima mtoto urithi wake.

Ya tatu ni kunasa maarifa ya mdomo. Bashingantahe, wazee wanaoheshimika kwa usuluhishi, hukumbuka mipaka isiyoandikwa popote. Ushahidi wao haunabudi kuandikwa kwa maneno yao ya Kirundi kabla ya kufasiriwa.

Ya nne ni istilahi. Neno la Kirundi itongo hubeba dhana ya ardhi ya urithi wa familia. Likifasiriwa kwa Kiswahili kuwa shamba, dai la urithi hugeuka kuwa dai la mazao. Hata ndani ya Kiswahili kuna utata. Katika jina la Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya Tanzania, nyaraka ni zile zilizohifadhiwa kwa thamani ya kudumu. Katika matumizi ya kawaida, nyaraka ni karatasi zozote za ofisi. Agizo la "kuhamisha nyaraka" linaweza, basi, kuacha nyuma majalada ambayo bado yanatumika.

Ya tano ni kinga. Kupanda kwa maji ya ziwa kumefurika sehemu za Rumonge katika miaka ya karibuni. Masjala iliyo karibu na ufuo huhitaji nakala iliyohifadhiwa mahali pa juu.

4.0 Hitimisho na mapendekezo

Tangu mwaka 2021 Kiswahili na Kifaransa vimekubaliwa kuwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kiingereza, hivyo mawasiliano kati ya Kabonga na Kagunga, upande wa Tanzania, yana msingi mpya. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jalada la ardhi liorodheshwe kabla ya kuhamishwa, likibaki na namba ya tarafa yake ya zamani. Pili, iandaliwe faharasa ya istilahi za ardhi na masjala kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Tatu, makarani wa tarafa wapewe mafunzo ya kitaaluma, kwa kushirikiana na taasisi za kanda kama Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, ambacho kampasi yake ya Tabora hufundisha utunzaji wa kumbukumbu. Kompyuta zitafaa baada ya hapo. Zikitangulia, zitahifadhi kwa kasi zaidi makosa yaliyokuwa kwenye karatasi, na gharama yake italipwa na familia zinazosubiri kujua zitalima wapi.