Mpango Mahususi wa Elimu: Ufafanuzi wa Istilahi

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ni ile ya maandishi rasmi yanayoeleza mahitaji ya mtoto mmoja anayehitaji huduma za ziada shuleni, pamoja na namna mahitaji hayo yatakavyotimizwa. Wengine huyaita "mpango binafsi wa elimu", wengine "mpango wa msaada kwa mtoto". Tunakusudia hapa kuyapima majina hayo na kutoa pendekezo.

Kwanza tuitazame dhana yenyewe. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 iliagiza kwamba kila mtoto mwenye ulemavu anayestahili elimu maalumu aandikiwe mpango wake. Ndani yake yalitakiwa kutajwa kiwango alichofikia mtoto, malengo ya mwaka, huduma atakazopatiwa, muda wa huduma hizo na vigezo vya kupimia maendeleo yake. Mzazi naye alipewa nafasi katika kikao cha kuuandaa. Huko Uingereza, Sheria ya Elimu ya mwaka 1981 ilianzisha hati ambayo jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, lingekuwa "taarifa". Tafsiri hiyo isingefaa, kwani taarifa hutoa habari tu, ilhali hati ile iliilazimu mamlaka ya elimu ya mahali kutoa huduma zilizoandikwa humo.

Dhana hii, basi, ina nguzo mbili: mpango ni wa mtoto mmoja, nao humfunga mwenye wajibu wa kuutekeleza. Jina lifaalo halina budi kuzibeba zote mbili, au angalau lisiivunje hata moja.

Tuchukue mfano wa mzazi aishiye Boko, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambaye mwanawe ana uoni hafifu na anasoma katika shule ya serikali. Kwa mzazi huyu neno "binafsi" huambatana na shule binafsi na hospitali binafsi, yaani mambo ya kulipia. Akiletewa karatasi yenye kichwa "mpango binafsi wa elimu", aweza kudhani kwamba anadaiwa ada, akairudisha bila kuitia sahihi. Mtoto naye ataendelea kuketi nyuma ya darasa, mahali asipouona ubao.

Neno "msaada" lina kasoro nyingine. Msaada hutolewa kwa hiari na huruma. Aliyepewa hushukuru, na aliyenyimwa hana la kudai. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitambua elimu kuwa haki. Kilicho haki hakifai kuitwa kwa jina la hisani.

Je, tuseme "mpango maalumu"? Hapana, kwa kuwa "maalumu" limekwisha kuzoeleka katika "shule maalumu", na mzazi aweza kuhofu kwamba mwanawe anahamishwa.

Kwa sababu hizo tunapendekeza "mpango mahususi wa elimu", kwani "mahususi" hulenga jambo moja pasipo kugusia malipo wala kuhama. Istilahi zifuatazo zaweza kuandamana nalo:

(a) Upimaji: kazi ya kuyatambua mahitaji ya mtoto kabla ya mpango kuandikwa.
(b) Huduma stahiki: yale ambayo mtoto ana haki ya kupatiwa, kama vile maandishi makubwa au kuketishwa mbele.
(c) Mapitio: kuutazama upya mpango baada ya muda uliowekwa.

Twaweza kuandika hivi: "Baada ya upimaji, shule na mzazi watatia sahihi mpango mahususi wa elimu unaotaja huduma stahiki za mtoto na tarehe ya mapitio." Sentensi hii mzazi wa Boko ataielewa bila mkalimani, na akiisha kuielewa ataweza kuuliza mbona huduma haijatolewa.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu, wayajaribu maneno haya mbele ya wazazi na kutuletea maoni yao.