Getz na Barron: Rekodi ya kuagana jukwaani Copenhagen

WAHENGA walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ukweli wa methali hiyo unasikika katika People Time, rekodi ya muziki wa jazi iliyonaswa mbele ya hadhira katika ukumbi wa Café Montmartre, mjini Copenhagen, Denmark, kuanzia Machi 3 hadi Machi 6, 1991.

Wapigaji walikuwa wawili tu: Stan Getz kwenye saksofoni na Kenny Barron kwenye piano. Wote ni wazawa wa Philadelphia, Marekani, ingawa Getz, aliyezaliwa mwaka wa 1927, alimtangulia mwenzake kwa miaka 16. Getz alivuma kote duniani kufuatia albamu ya Getz/Gilberto ya mwaka wa 1964, aliyoshirikiana na João Gilberto wa Brazil. Barron naye aliiva katika bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie miaka ya sitini, kisha akawa mwandani wa Getz jukwaani katika miaka ya themanini.

Hapa pana haja ya ufafanuzi. Afrika Mashariki, bendi nyingi za muziki wa dansi zilijiita Jazz, mathalan Tabora Jazz na Western Jazz za Tanzania. Jazi tunayoizungumzia ni ile iliyochipuka miongoni mwa Wamarekani weusi mjini New Orleans, na uhai wake umo katika kubuni papo hapo. Wanamuziki huanza na wimbo wanaoujua, kisha kila mmoja huufumua na kuufuma upya kwa zamu, mithili ya malenga wawili wanaojibizana kwa mashairi bila ya kuyaandika kwanza.

Kwa kawaida, zamu hizo hushikiliwa na ngoma, ambayo huongoza mwendo, pamoja na besi, ambayo huweka msingi wa sauti. Getz na Barron hawakuwa navyo. Iliubidi mkono wa kushoto wa Barron kuzifanya kazi zote mbili, huku wa kulia ukiijibu saksofoni. Katika mpangilio wa aina hiyo, anayekosea husikika, na anayechoka husikika vilevile.

Getz alikuwa amechoka. Alikuwa akiugua saratani ya ini, na saksofoni ni ala inayodai pumzi nyingi. Barron alisimulia baadaye kwamba mwenzake alikuwa akihema kila alipomaliza zamu yake. Studioni, kipande kilichoharibika hurudiwa hadi kikapatikana kizuri. Jukwaani, sauti ikishatoka haina marejeo, na watu wameketi wanatazama.

Ndiposa zamu za piano zina uzito wa pekee katika rekodi hii. Barron anapopiga peke yake, rafiki yake anapata nafasi ya kuvuta pumzi, na wimbo hauzoroti hata kidogo. Aidha, msikilizaji anayetaka kuanza na kipande kimoja na atafute First Song, utungo wa mpiga besi Charlie Haden. Mwendo wake ni wa pole, na kila pumzi ya Getz inahesabika.

Getz alifariki Juni 6, 1991, huko Malibu, California, akiwa na umri wa miaka 64. Ilikuwa miezi mitatu kamili tangu usiku wa mwisho wa Copenhagen. Albamu ilitolewa mwaka wa 1992 katika CD mbili, na takriban miongo miwili baadaye likatolewa sanduku la CD saba lenye nyimbo nyingi zaidi za siku hizo nne.

Huenda mtu akauliza iwapo ilifaa kumrekodi mgonjwa katika hali hiyo. Jibu limo katika muziki wenyewe. Barron hapunguzi kasi kwa kumhurumia mwenzake, wala hamfuniki kwa kelele za piano pumzi zinapompungua. Anamwuliza na kumjibu kama mtu aliye mzima, na Getz anajibu. Kwa mgonjwa aliyeishi kwa kupuliza saksofoni, ni vigumu kufikiria heshima kubwa zaidi ambayo rafiki angempa.