Kimya Katikati ya Mkoromo

Nyumba za zamani za mtaa wa Ngagara, Bujumbura, zile zilizojengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950, hazina siri za usiku. Chumba kimepakana na chumba, watoto hulala wawili au watatu kitanda kimoja, na mtu anayekoroma hujulikana na nyumba nzima. Asubuhi hutaniwa kidogo, kisha jambo husahauliwa, kwa kuwa wengi huamini kwamba mkoromo ni dalili ya usingizi mnono: mzee kachoka na kazi, mwacheni apumzike. Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga. Mkoromo mkubwa wa kila usiku, hasa ule unaokatizwa na vipindi vya kimya, ni dalili ya mtu anayepigania pumzi. Na katika mji kama Bujumbura, ambako kulala hospitali usiku mzima ukiwa umefungwa nyaya za vipimo ni jambo la wachache, shahidi wa kwanza wa ugonjwa huo ni yule anayelala karibu. Shahidi huyo akijua asikilize nini, sehemu kubwa ya uchunguzi itakuwa imefanyika kabla daktari hajamgusa mgonjwa.

Tuanze na koo lenyewe. Sehemu iliyo nyuma ya ulimi na kaakaa laini haina mfupa wa kuizunguka na kuishikilia. Hubaki wazi kwa sababu misuli inaivuta. Tukiwa macho, misuli hiyo hukaza bila sisi kujua. Tukilala hulegea, na kwa mtu ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba tangu awali, kwa mafuta ya shingoni, kwa taya fupi, kwa mafindofindo makubwa au kwa pua iliyoziba, nafasi inayobaki huwa ndogo mno. Anayekunywa urwarwa, pombe ya ndizi, kwa mrija ataelewa haraka: mrija ukilowa na kulainika, ukivuta kwa nguvu pande zake hugusana na hakipiti kitu. Hewa inapopita kwa shida, nyama laini za koo hutikisika, na huo ndio mkoromo. Inaposhindwa kabisa kupita, sauti hukatika, ingawa kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika. Wataalamu huhesabu kila kukatika kwa pumzi kwa sekunde 10 au zaidi kuwa tukio moja. Oksijeni katika damu hushuka, ubongo hushtuka, moyo huenda mbio, mwenyewe huvuta hewa kwa mshindo, hugutuka kwa sekunde chache ambazo asubuhi hatazikumbuka, kisha analala tena na koo linaziba tena. Matukio 5 hadi 15 kwa saa huhesabiwa kuwa ugonjwa mwepesi, 15 hadi 30 wa wastani, na zaidi ya 30 ni mkali. Matukio 30 kwa saa maana yake ni moja kila dakika mbili, usiku kucha. Mtu wa namna hiyo amekaa kitandani saa nane, lakini pumziko hakulipata.

Madhara yake huonekana mchana, na ndiyo sababu hayahusishwi na usiku. Kichwa kinauma asubuhi, mdomo umekauka, mtu ameamka mara nyingi kwenda kukojoa, hasira iko karibu, kumbukumbu inapotea. Anasinzia kanisani au msikitini, anasinzia kwenye kiti cha basi, na watu humwita mvivu. Ndani ya mwili, kila mshtuko wa usiku humwaga homoni za dharura zinazobana mishipa ya damu, na baada ya miaka mishipa hiyo husahau kulegea. Ndiyo maana ugonjwa huu huandamana sana na shinikizo la damu, au tansiyo kama wengi wanavyoiita mjini kwetu, na hasa ile tansiyo sugu isiyoshuka hata mgonjwa anapomeza dawa tatu kwa utiifu. Mgonjwa wa aina hiyo huambiwa apunguze chumvi, huongezewa kidonge cha nne, na hakuna anayemuuliza analalaje. Naliona hilo kuwa kosa kubwa la vituo vyetu vya afya, na ni kosa ambalo kulirekebisha hakuhitaji bajeti, kunahitaji swali moja tu.

Kuna mahali ambapo usingizi wa mchana hauishii kwenye aibu. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam huingia Burundi kwa Kobero, na mengi humaliza safari kwa kuteremka kutoka Bugarama, juu ya mita 2,000, hadi Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mita 800, kwa barabara ya kona juu ya kona. Dereva anayefumba macho kwa sekunde nne kwenye mteremko ule hana nafasi ya kujuta. Tafiti zilizokusanya takwimu za madereva wa nchi mbalimbali zimekadiria kwamba mwenye ugonjwa huu usiotibiwa ana hatari ya ajali takriban mara mbili au zaidi ya wenzake. Tunakagua breki na taa za lori. Shingo na usingizi wa anayeliendesha havikaguliwi.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kwamba watu wengi hukoroma na wanaishi mpaka uzeeni. Ni kweli. Mkoromo peke yake, sawasawa na usiokatika, kwa mtu anayeamka mwepesi na asiyesinzia mchana, mara nyingi ni kero kwa wengine kuliko hatari kwa mwenyewe. Utafiti maarufu wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 1993, uliwapima watu wa umri wa miaka 30 hadi 60 na kukuta matukio 5 au zaidi kwa saa kwa asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake. Lakini waliokuwa na matukio hayo pamoja na usingizi wa mchana walikuwa asilimia 4 na 2 tu. Kwa hiyo simwambii kila anayekoroma kwamba ni mgonjwa. Ninachosema ni kwamba kuna namna ya kutenganisha makundi hayo mawili, na namna hiyo haianzi na mashine.

Pingamizi la pili husikika zaidi: haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri wanene. Kama lingekuwa kweli, utafiti uliofanyika Benin, Afrika Magharibi, na kuchapishwa mwaka 2022, ungeonyesha vingine. Watu wazima karibu 1,800 wa mjini Cotonou na wa kijijini walipimwa pumzi zao usiku wakiwa nyumbani kwao, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alikutwa na ugonjwa wa kiwango cha wastani au kikali. Karibu nasi zaidi, katika hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, wagonjwa wa kisukari walioulizwa maswali ya uchunguzi walionyesha kwamba zaidi ya theluthi yao walikuwa katika hatari kubwa. Unene huongeza hatari, hilo halina ubishi, na mji wenye kazi za kukaa na jioni za kabare, bia ya Primus na mishikaki, unajitengenezea wagonjwa. Lakini umbo la taya, ukubwa wa ulimi, umri na kurithi vina nafasi yao, na mtu mwembamba mwenye kidevu kifupi anaweza kuzibwa pumzi kuliko jirani yake mwenye kitambi.

Wapo pia wanaosema mtu akishtuka usiku akitweta amekabwa na jinamizi. Hali inayopewa jina hilo ni nyingine: mtu huwa macho, anaona na kusikia, ila viungo vimekataa kutii kwa muda mfupi, na baadaye hukumbuka kila kitu. Anayekatika pumzi, kwa kawaida, hakumbuki lolote. Kwa sababu hiyo ushahidi wake mwenyewe haufai sana, na mara nyingi hukana kabisa kwamba anakoroma.

Basi tumsikilize shahidi. Ajaribu kuwa macho katika saa za mwisho za usiku, karibu na alfajiri, kwa kuwa ndipo misuli hulegea zaidi, na amwangalie mwenziwe hasa anapolala chali. Asisikilize ukubwa wa kelele, asubiri kimya. Ahesabu polepole mpaka kumi huku akitazama tumbo: likiendelea kusukuma bila sauti ya hewa, kisha ukaja mshindo, hilo ndilo tukio. Simu ya mkononi inaweza kurekodi sauti na kupelekwa kwa daktari. Kisha kuna maswali manane yaliyotungwa na Frances Chung na wenzake jijini Toronto mwaka 2008, yanayotumika duniani kote: je, unakoroma kwa sauti kubwa, unachoka mchana, kuna aliyekuona ukikatika pumzi, una shinikizo la damu, umenenepa sana, umepita miaka 50, shingo yako inazidi sentimita 40, wewe ni mwanamume? Majibu ya ndiyo matatu yanatosha kukufanya umwone daktari, matano ni hatari kubwa. Utepe wa fundi cherehani unapima shingo vizuri kabisa. Niongeze tahadhari kuhusu wanawake: kwao ugonjwa huja mara nyingi kwa sura ya uchovu, kukosa usingizi na maumivu ya kichwa, huongezeka baada ya hedhi kukoma, na hufichwa kwa aibu. Mke huripoti mkoromo wa mumewe. Waume wachache huripoti wa wake zao.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: kuna faida gani kumtambua mgonjwa ambaye hatapata mashine ya kumsaidia kupumua? Mashine yenyewe ilibuniwa na Colin Sullivan mjini Sydney, naye akaitangaza mwaka 1981. Husukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisijifunge. Kwa wagonjwa wakali haijapatikana tiba inayoishinda, na ni kweli kwamba ni ghali na inataka umeme, katika mji ambao umeme wa Regideso hukatika bila taarifa. Lakini mashine ni ngazi moja tu. Kulala ubavu, hata kwa kushona mpira mdogo mgongoni mwa fulana, huwasaidia wengi ambao hukatika pumzi wakilala chali. Kuacha pombe saa kadhaa kabla ya kulala kunazuia misuli ya koo isilegee kupita kiasi. Vivyo hivyo kuepuka vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila cheti. Kupunguza uzito kwa asilimia 10 huendana na kupungua kwa matukio kwa takriban robo. Mazoezi ya ulimi na koo, yakifanywa kila siku kwa miezi, yameonyesha nafuu katika tafiti kadhaa. Daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha kuvuta taya mbele. Na hata asiyepata kimoja kati ya hivyo atakuwa amepata sababu ya tansiyo yake, na daktari atakayempa ganzi ya upasuaji atakuwa ameonywa. Onyo hilo huokoa maisha, maana dawa za usingizi na za kutuliza maumivu hulegeza koo kama pombe, na zaidi.

Msomaji makini ataniuliza kuhusu utafiti wa SAVE wa mwaka 2016, uliohusisha watu zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, na ambao haukuona mashine ikipunguza vifo vya moyo wala kiharusi. Matokeo hayo ni ya kweli na hayafai kufichwa. Lakini washiriki walivaa barakoa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na wale wenye usingizi mkali sana wa mchana hawakuingizwa. Hata hivyo waliotumia mashine walipungukiwa na usingizi wa mchana na huzuni yao ilipungua. Ninalojifunza hapo ni kwamba tusimwahidi mgonjwa kinga ya moyo ambayo haijathibitishwa. Tumwahidi mchana wenye akili timamu na safari salama barabarani, nayo ni mambo makubwa.

Watoto wana habari yao. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi na shingo imepindwa nyuma, anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, asiyetulia darasani, mara nyingi ana mafindofindo au nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Daktari wa masikio, pua na koo akiziondoa, wengi hupona. Lakini katika ukanda wetu mtoto huyo yumo hatarini kupelekwa kwa mkata kimeo, ambaye kwa wembe ataondoa kipande cha nyama kisicho na hatia na kumwachia damu, maambukizi, pengine pepopunda au kifo. Kukata kimeo hakufungui njia ya hewa iliyozibwa na mafindofindo. Mzazi asikubali, hata kama mshauri ni bibi mpendwa wa ukoo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayelala karibu nawe akikuambia kwamba unakoroma kisha unanyamaza, usibishe. Mwombe akuangalie usiku mmoja mwingine, rekodini sauti, pimeni shingo, kisha nendeni wote wawili kwenye kituo cha afya mpimwe tansiyo. Na mkihitaji hospitali, ile ya chuo kikuu iko hapo Kamenge, jirani na Ngagara. Mkiingia kwa daktari, yeye aliyekusikia ndiye azungumze kwanza.