Kulinda Samaki Kwataka Ujirani Mwema

Mfanyakazi akaaye Kibamba haioni bahari. Aionayo ni Barabara ya Morogoro na magari yake. Bahari huikuta jioni, katika meza ya muuza samaki: kibua wa kukaanga, dagaa wakavu, pengine kipande cha jodari kilichotoka Feri asubuhi ile. Bei ikipanda humgombeza mchuuzi. Lakini mchuuzi hupanga bei ya leo tu. Kama jodari yule atakuwapo hata watoto wetu wamle, hilo ni jambo lisiloamuliwa gengeni, wala haliamuliwi na Tanzania peke yake.

Jodari ni samaki wa safari. Kwenye miezi ya Machi hata Mei makundi yake huonekana sana katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji, na ifikapo Agosti meli kubwa humfuata kaskazini, mbele ya pwani ya Somalia. Katikati ya safari hiyo hupita kwetu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 wampa kila mwenye pwani haki ya mali iliyomo majini hata maili 200 za baharini, na kwa Tanzania hizo ni yapata kilomita za mraba 223,000. Basi nchi mojawapo ikimvua pasipo kiasi, jirani hupata hasara bila ya nyavu moja kutupwa katika maji yake. Kwa ajili hiyo Mkataba huo huo wazitaka nchi zishirikiane juu ya samaki wahamao.

Wengi wetu twaikumbuka meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 katika maji yetu kwa tuhuma za kuvua bila leseni, ikiwa na samaki wapatao tani 296. Samaki wale waligawiwa kwa taasisi za umma, na wananchi wakawaita "samaki wa Magufuli", kwa kuwa marehemu John Magufuli ndiye aliyekuwa Waziri wa uvuvi wakati huo. Jina hilo limekaa vinywani hata leo. Lisilokaa ni jina la meli iliyomkamata mkosaji: Sarah Baartman, meli ya doria ya Afrika Kusini, iliyokuwa katika ulinzi wa pamoja wa nchi za kanda hii. Sisi hatukuwa na chombo cha kufika huko. Jirani alikuwa nacho, akaja.

Yaliyofuata nchi kavu hayakuwa na fahari hiyo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia watu wawili hatiani. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu kwa kasoro za kisheria katika mwenendo wa kesi. Majirani waweza kutusaidia kumkamata mtu baharini, lakini hawawezi kutuandikia hati ya mashtaka.

Tangu hapo yako mengi yaliyotendeka. Nchi za Komoro, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Shelisheli, Somalia na Tanzania ziliungana katika umoja uitwao FISH-i Africa, ili meli yenye sifa mbaya katika nchi moja ijulikane upesi katika nchi zote. Ni kazi ya barua na simu tu, lakini yaogopwa na wenye meli kuliko hotuba nyingi. Mkosaji wa baharini huishi kwa kubadili jina na bendera, na hushindwa pale maofisa wa bandari mbili wanapolinganisha picha.

Pamoja na hayo, bado twagombanishwa. Mwenye meli wa ng'ambo akiona leseni imepanda bei huku, huenda kwa jirani akaomba ya rahisi. Kamisheni ya Uvuvi ya Kusini Magharibi mwa Bahari ya Hindi, iliyoundwa mwaka 2004 chini ya FAO, imeandika masharti ya chini ambayo kila nchi yafaa iyadai kwa meli za kigeni. Masharti hayo ni mwongozo, hayamfungi mtu. Tungependa kuona siku yatakapomfunga.

Na tazameni mambo ya Mombasa. Februari 2023 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Shelisheli, ilikutana huko ikapiga kura juu ya chelezo ambazo meli kubwa huziacha zikielea ili samaki wakusanyike chini yake. Hapo hukusanyika pia jodari wachanga, nao huzolewa pamoja na wakubwa. Azimio la kusimamisha matumizi ya chelezo hizo kwa siku 72 kila mwaka likapita. Kisha yakaja mapingamizi: Umoja wa Ulaya, ambao meli zake huvua sana kwa njia hiyo, na pamoja nao baadhi ya nchi za bahari yetu wenyewe, Shelisheli na Komoro zikiwamo. Wapingaji wakazidi theluthi moja ya wanachama, azimio likakosa nguvu. Yawezekana kila nchi ilikuwa na sababu zake, hasa ile ambayo bandari na kiwanda chake vyategemea meli hizo. Lakini mgeni hakuhitaji kutushinda, tuligawanyika wenyewe.

Haya si mambo ya meli kubwa peke yake. Watu wa Kojani, kule Pemba, tangu zama za babu zao huenda dago: hufuata pepo na samaki hata Tanga, hata Vanga na Shimoni upande wa Kenya, wakapiga kambi miezi kadhaa. Wenyeji huwapokea kama ndugu, lakini siku hizi manung'uniko yapo, hasa juu ya nyavu kubwa za kuzungusha ambazo wenyeji husema zamaliza samaki. Ugomvi huo hautatuliwi na askari. Wazee wa madago, vikundi vya wavuvi vya pande zote mbili na maofisa wa uvuvi wa Tanga, Pemba na Kwale yafaa wakae kabla ya kila msimu, wapatane ni nyavu zipi, ni wapi na kwa muda gani.

Mvuvi wa Kojani akifika Vanga huulizwa kibali, na ni haki aulizwe. Meli ya chuma ipitayo usiku nje ya Pemba nayo iulizwe, na gharama ya mashua ya kwenda kuiuliza igawanywe baina ya Kenya na Tanzania.